Uzi maalumu: Gunia la urea lilitoka vitani, na sisi bado tunalisubiri bandarini

Mkulima wa Mbozi:

Wakuu habari za muda huu. Tukiongelea vitu vilivyobadili dunia watu wanataja bomu la atomu, ndege, kompyuta, simu. Mimi leo nataka tuongelee kitu ambacho naamini kimegusa maisha ya watu wengi kuliko hivyo vyote na kipo stoo kwako sasa hivi kwenye gunia la mbolea la kilo 50. Urea. Nalima na nina duka la pembejeo, kila msimu nasikia malalamiko ya bei, haki yao kabisa, ila wachache sana wanajua hii kitu ilitoka wapi na ni watu wangapi waliumia mpaka ikafika hapa. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama.

Tuanze na shamba. Mahindi yakikosa naitrojeni yanapiga njano kuanzia majani ya chini, hiyo rangi kila mkulima anaijua. Sasa ajabu ni kwamba hewa unayovuta hapo ulipo asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua manake ile ya hewani imeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa mno, kuiachanisha ni kazi ya radi au ya vijidudu vya kwenye mizizi ya kunde. Ni kama mtu yuko katikati ya bahari anakufa kiu. Ndo maana toka enzi za mababu ilikuwa samadi, kuchanganya mahindi na maharage, na kupumzisha shamba.

Karne ya 19 Ulaya miji ikaanza kujaa, viwanda vinavuta watu, ardhi imechoka na midomo inaongezeka. Wakagundua kinyesi cha ndege, guano, kimerundikana kwenye visiwa vya Chincha kule Peru. Wakapelekwa vibarua kutoka China kukichimba, jua kali, vumbi linachoma mapafu, wengi walifia palepale. Guano ilipopungua watu wakahamia kwenye naitreti, chumvi yenye naitrojeni ndani yake, ya jangwa la Atacama, na hiyo ikaleta vita kamili, 1879 mpaka 1883, Chile upande mmoja, Peru na Bolivia upande wa pili. Chile ikashinda na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Mpaka leo Bolivia haina bahari ila ina jeshi la majini linafanya shughuli zake ziwa Titicaca, na kila tarehe 23 Machi wanaadhimisha siku ya bahari. Nchi imepoteza bahari kwa sababu ya mbolea wakuu, tafakarini hilo kwanza.

Na shikeni hili manake ndo moyo wa uzi wote. Ile naitreti inayokuza ngano ndiyo hiyohiyo inayotengeneza baruti na milipuko ya mizinga. Mwenye naitreti ana mkate na ana risasi.

Kijana wa Kigamboni:

Nimeweka kambi hapa mkuu. Shusha.

Mkulima wa Mbozi:

Tuendelee. Mwaka 1898 mwanakemia wa Uingereza, William Crookes, alisimama Bristol mbele ya wanasayansi wenzake akawaambia wazi kwamba walaji wa ngano wanaongezeka, ardhi haiongezeki, naitreti ya Chile itaisha, na watakaookoa jahazi ni wanakemia kama watapata njia ya kuikamata naitrojeni ya hewani. Wengi wakajaribu.

Aliyepata ni Fritz Haber, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, alikuwa anafundisha Karlsruhe. Alichofanya ni kuchukua naitrojeni ya hewa, akachanganya na haidrojeni, akaiweka kwenye presha ya kutisha na joto kali na kichocheo, ikatoka amonia, ambayo ndo malighafi ya mbolea kama urea. Mtambo wenyewe ulitengenezwa kwa mikono ya msaidizi wake, Robert Le Rossignol, huyu watu wanamsahau sana na bila yeye kisingefanyika kitu. Julai 1909 waliwaonyesha watu wa kampuni ya kemikali ya BASF, matone ya amonia yanadondoka. Matone tu.

Kutoka matone mpaka tani ni safari nyingine na hapo ndo anaingia Carl Bosch, mtaalamu wa BASF. Haidrojeni kwenye joto na presha ile ilikuwa inaingia ndani ya chuma cha pua inakila, bomba zito kabisa linapasuka. Bosch akaja na wazo la bomba mbili, la ndani chuma laini linaloruhusu gesi ipenye kidogo kidogo, la nje chuma kigumu chenye vitundu vidogo ili gesi iliyopenya ikatoke nje bila kuharibu. Wazo rahisi ukishaambiwa. Mwenzake Alwin Mittasch akafanya majaribio kwa maelfu kutafuta kichocheo cha bei nafuu, mwisho ikawa chuma cha kawaida kilichochanganywa na vitu kidogo, na viwanda vya leo bado vinatumia ukoo huohuo wa kichocheo. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Oppau huko Ujerumani, Septemba 1913, kwa ajili ya mbolea.

Angalieni hiyo tarehe. Chini ya mwaka mmoja baadaye vita ya kwanza ya dunia ikalipuka.

Mwalimu wa Zamu:

Na Waingereza wakaziba bahari. Hapo Chile ikawa haifikiki kwa Mjerumani.

Mkulima wa Mbozi:

Kabisa mwalimu. Novemba 1914 meli za kivita za Ujerumani zilipiga za Uingereza jirani na pwani ya Chile, pale Coronel, lakini Desemba 8 Waingereza wakalipiza visiwa vya Falkland wakazamisha karibu kikosi chote. Baada ya hapo naitreti ya Chile kwa Ujerumani ikawa ndoto. Walikuwa na akiba, na nyingine waliikamata Antwerp walipoiteka, ila kwa jinsi mizinga ilivyokuwa inakula baruti akiba isingefika mbali. Bosch akaahidi serikali kwamba Oppau itageuza amonia kuwa naitreti, na kufikia Mei 1915 ikawa inatoka kiwandani. 1917 wakaongeza kiwanda kikubwa zaidi Leuna, ndani kabisa ya nchi ambako ndege za Wafaransa hazifiki kirahisi.

Yaani uvumbuzi uliofanywa ili watu wale mkate ukaenda kulisha mizinga. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba bila hiyo amonia Ujerumani ingebanwa na uhaba wa baruti mapema sana.

Haber mwenyewe hakuishia hapo. Aprili 22, 1915, kule Ypres Ubelgiji, alisimamia kufunguliwa kwa maelfu ya mitungi ya gesi ya klorini, zaidi ya tani 150, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya upande wa pili. Waliopigwa wa kwanza ni wanajeshi wa Ufaransa na kati yao wengi walikuwa wametoka Algeria. Waafrika wenzetu, wamevushwa bahari kwenda kupigana vita isiyo yao wanakutana na wingu la njanokijani linalochoma mapafu, hawajawahi kuambiwa kwamba kitu kama hicho kipo. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia Mei 2, mke wake Haber, Clara Immerwahr, naye daktari wa kemia, wa kwanza mwanamke kupata shahada hiyo pale Breslau, alijipiga risasi kwa bastola ya mume wake. Sababu zake bado zinajadiliwa na mimi siwezi kumsemea marehemu. Haber aliondoka mara moja baada ya hapo kwenda uwanja wa vita wa mashariki. Mtoto wao wa miaka 12 akabaki.

Nobeli ya kemia ya 1918 akapewa yeye, kwa ajili ya amonia.

Dada wa Makambako:

Hii inauma. Mimi huyo mama ndiye amenikaa kichwani.

Mwalimu wa Zamu:

Naomba niongeze kitu ambacho kinatuhusu moja kwa moja manake naona watu wanafikiri hii ni stori ya Wazungu peke yao. Vita ya Tanganyika ilidumu muda ule ule wa vita ya Ulaya, hata ikapitiliza, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Muda wote huo mizigo ilibebwa kichwani manake mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi zinakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, risasi wala siyo. Huku nyuma chakula kimechukuliwa na vijana wamechukuliwa, Ugogo wakaingia kwenye njaa kubwa, wenyewe waliiita Mtunya. Kwa hiyo mkuu ukisema amonia ilirefusha vita ya Ulaya, maana yake ilirefusha na safari ya mpagazi wa kutoka Dodoma au Machakos. Kila mwezi ulioongezeka kule uliongeza makaburi huku.

Mkulima wa Mbozi:

Mwalimu umegusa penyewe, asante sana. Vita ingeishaje hakuna anayeweza kuapa, ila kwamba huku iliendelea kwa sababu kule iliendelea, hilo halina ubishi.

Sasa vita imeisha. Viwanda vipo, vikubwa, vinatoa naitreti, na hakuna wa kumpiga mzinga. Vikarudi kwenye mbolea. Na hapa nisikilizeni kwa makini hasa wenzangu mnaohifadhi mbolea. Wote tunajua mbolea ikipata unyevu inaganda, gunia linakuwa jiwe, tunalipiga na mpini wa jembe au tunaliangusha chini. Oppau walikuwa na rundo la tani kama 4,500 za mchanganyiko wa amonia salfeti na amonia naitreti, limeganda hivyohivyo, na njia yao ya kulilegeza ilikuwa kulipasua kwa baruti ndogo ndogo. Walishafanya hivyo mara nyingi mno bila tatizo. Septemba 21, 1921, asubuhi saa moja na nusu, rundo likalipuka. Zaidi ya watu 500 walikufa, nyumba nyingi za mji mdogo wa Oppau zikalala chini, palipokuwa na ghala pakabaki shimo.

Ndo maana ukichukua mfuko wa mbolea ya CAN leo, zile punje zina chokaa ndani yake. Chokaa inasaidia udongo wenye asidi, sawa, lakini kazi yake nyingine ni kuipoza amonia naitreti isiwe rahisi kulipuka. Amonia naitreti tupu haitaki mchezo, Texas City 1947 meli iliyobeba mbolea ililipuka ikaua mamia, Beirut Agosti 4, 2020 tani 2,750 zilizoachwa ghalani bandarini miaka mingi zikaua zaidi ya watu 200. Mwenye ghala tafadhali usichanganye mbolea na mafuta ya dizeli chumba kimoja. Nimeona watu wanafanya hivyo.

Kijana wa Kigamboni:

Duh. Na Chile je, walibaki na naitreti yao?

Mkulima wa Mbozi:

Soko liliporomoka. Dunia ilijifunza kutengeneza yenyewe, nani tena apeleke meli mpaka Atacama. Miji ya wachimbaji ikahamwa mmoja baada ya mwingine, Humberstone na Santa Laura zimebaki magofu, sasa hivi ni urithi wa dunia UNESCO. Nchi iliyopigana vita kwa ajili ya madini ikapigwa na maabara. Nchi zinazotegemea zao moja au dini moja ya madini ziende zikaangalie pale.

Mwalimu wa Zamu:

Aina moja ya madini nadhani ulimaanisha hapo mwisho. Na vita ya pili?

Mkulima wa Mbozi:

Ndiyo aina moja, simu hii inajiandikia. Vita ya pili Marekani walijenga viwanda vingi vya amonia kwa ajili ya mabomu, 1945 vikawa havina kazi, vikageuziwa mashambani. Lakini kulikuwa na kikwazo, ngano ya zamani ilikuwa ndefu, ukiimwagia naitrojeni nyingi inarefuka inalala. Sasa tazameni vita inavyoingia tena. Japan imeshindwa, Marekani imeikalia, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa kwenye ule utawala wa jeshi akaona ngano fupi ya Kijapani, Norin 10, akatuma mbegu kwao. Hiyo mbegu ikamfikia Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu wa Marekani aliyekuwa Mexico, akaichanganya na ngano zake, ikatoka ngano fupi yenye shingo ngumu inayobeba masuke mazito. Miaka ya 60 ikaingia India na Pakistan, na 1970 Borlaug akapewa Nobeli ya amani.

China nao, baada ya njaa kubwa ya 1959 mpaka 1961 iliyoua makumi ya mamilioni, walijua hawatoki bila naitrojeni. Rais Nixon wa Marekani alipoenda Beijing 1972, moja ya dili kubwa za mwanzo zilizofuata ilikuwa China kununua viwanda 13 vikubwa vya amonia na urea. Wakalisha watu, vijana wakatoka mashambani wakaenda viwandani, mengine mnayaona kila ukifungua kontena Kariakoo.

Mwaka 1900 dunia ilikuwa na watu kama bilioni 1.6. Novemba 2022 tulifika bilioni 8. Wataalamu wanakadiria karibu nusu yetu tunakula chakula ambacho kisingekuwepo bila amonia ya kiwandani. Naitrojeni iliyopo kwenye misuli yako sehemu kubwa imepita kiwandani.

Dada wa Makambako:

Kaka nakubaliana na historia ila mbona unaisifia upande mmoja. Kwetu kuna mashamba yamepigwa urea miaka na miaka bila samadi wala chokaa, udongo umekuwa na asidi, ukiweka mifuko miwili unapata kilekile ulichopata kwa mmoja zamani. Ulaya na India maji yao ya visima na mito yamejaa naitreti. Na hivyo viwanda vinakula gesi asilia balaa na kutoa hewa ukaa. Mimi narudisha maharage na samadi na nimeona tofauti.

Mkulima wa Mbozi:

Dada unasema kweli na sikupingi hata nukta. Urea bila samadi ni kuukamua udongo, na dukani kwangu anayekuja kuchukua urea ya tatu mfululizo namuuliza kwanza kama amepima udongo. Maharage endelea nayo.

Ila tofauti yetu na India ni kubwa. Wao shida yao ni kuzidisha, sisi shida yetu ni kukosa. Mwaka 2006 wakuu wa Afrika walikutana Abuja wakati bara letu linatumia wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta, wakaahidi kufika kilo 50 ifikapo 2015. 2015 ikapita hatukufika hata nusu. Ukivuna mahindi kila mwaka unabeba naitrojeni unaipeleka mjini kwenye magunia, usiporudisha unakula mtaji, na ng'ombe wawili watatu wa kaya moja hawatoshi samadi ya ekari tano. Hapo ndipo watu wanafyeka msitu kutafuta udongo mpya. Wewe una ng'ombe na eneo dogo unalolitunza, mwenzako wa bonde la Ufa huko Rukwa anafanyaje?

Mtu wa Eldoret:

Wadau huku Kenya 2022 tuliumia vibaya. Mfuko ulifika shilingi za Kenya 6,500 na zaidi, serikali ikaleta wa 3,500 kisha 2,500 lakini foleni za depo ilikuwa unaenda na blanketi. Watu wengi walipanda bila mbolea kabisa mwaka huo.

Mkulima wa Mbozi:

Na hapo ndugu yangu wa Eldoret ndo nilipotaka tufike. Februari 24, 2022 Urusi inaingia Ukraine. Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea na wa gesi, na haidrojeni ya kutengeneza amonia inatoka kwenye gesi, kwa hiyo gesi ikipanda Ulaya viwanda vinapunguza kazi na urea inapanda Vwawa. Mzee anayelima ekari mbili hapa kwetu, hajawahi kusikia mji wa Odesa, akaja dukani ameshika hela ya mifuko minne ya mwaka uliopita, akaondoka na miwili. Nane Nane ya mwaka huo pale Mbeya Rais akazindua ruzuku, urea ikashuka ikawa elfu 70, tuliishukuru na mpaka leo imesaidia. Lakini ruzuku ni kumlipia mkulima bei ya vita ya watu wengine. Mfuko wenyewe bado unatoka melini.

Ujerumani ilizibiwa bahari 1914 ikajenga. China ilijengewa uzio wa kisiasa, milango ilipofunguka kidogo tu kitu cha kwanza ikanunua viwanda. Sisi gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Miaka ya 80 kulikuwa na mradi wa kiwanda cha amonia na urea Kilwa wa kutumia gesi ya Songo Songo, haukufika popote, na toka hapo mazungumzo ya kiwanda cha mbolea Kilwa na Mtwara yamekuja na kuondoka. Kiwanda cha Tanga kilichojengwa enzi za Mwalimu Nyerere kilikuwa kinategemea malighafi ya nje, miaka ya mwanzo ya 90 kikafungwa. Nigeria wameweza, kiwanda cha Dangote pale Lekki kilizinduliwa Machi 2022, uwezo tani milioni 3 za urea kwa mwaka, gesi yao wenyewe. Mwezi uleule dunia nzima inalia bei wao wanapakia meli.

Mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Hewa ya kuitoa iko juu ya paa lako, gesi iko chini ya bahari ya Kilwa. Kinachokosekana kipo kwenye makabrasha, na mimi nataka wabunge wa mikoa yote inayolima wakiulizwa swali moja tu kila kikao liwe hilo.

Mtu wa Eldoret:

Nyinyi mna gesi. Sisi Kenya hatuna, tuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na jua. Kuna njia?

Mkulima wa Mbozi:

Ipo na ni ya zamani. Haidrojeni unaweza kuitoa kwenye maji kwa umeme. Wanorwei walifanya hivyo Vemork, kiwanda cha maporomoko ya maji kilichokuwa kinatoa haidrojeni ya mbolea, na pembeni kikawa kinatoa maji mazito ambayo Wajerumani waliyataka kwenye utafiti wa atomu, ndo maana Februari 1943 makomandoo wa Kinorwei wakapanda lile korongo usiku kwenda kulipua mitambo. Hapa Afrika Wamisri walifanya Aswan kwa umeme wa bwawa kuanzia miaka ya 60, na Zimbabwe pale Kwekwe walitengeneza amonia kwa maji na umeme kwa miaka kama 40, wakaacha 2015 umeme ulipokuwa hautoshi na gharama zimepanda. Kwa hiyo swali lenu Kenya ni bei ya uniti moja ya umeme wa Olkaria mkiupeleka kwenye amonia badala ya majumbani. Mwenye hizo hesabu azilete hapa tuzipige pamoja, na mhandisi yeyote aliyewahi kufanya kazi Kwekwe au Tanga kama yupo humu tunamsubiri.